Seli zilizofungiwa ndani ya mfupa mgumu zinapataje damu? Nimeangalia slaidi sioni hata mshipa mmoja

Nuru_mwaka2

Habari zenu wakuu. Naombeni mnisaidie mliosoma haya mambo maana notsi nimeshazirudia mara 3 na bado kuna kitu kinanigomea. Leo kwenye praktikali tumepewa slaidi ya mfupa mkavu, nimeweka kwenye hadubini naona kama shina la mti lililokatwa, pete ndani ya pete, katikati kuna tundu moja kubwa, alafu kwenye hizo pete kuna vidoa vyeusi vingi kama vibuibui, kila kimoja kimetoa miguu myembamba sana inaenda kila upande. Mwalimu kasema tundu la kati ndo unapita mshipa wa damu na vile vidoa ndo makao ya seli. Sawa. Lakini tundu lenyewe ni leusi tupu, mshipa sikuuona. Na hata kama ungekuwepo, mshipa mmoja uko katikati na seli nyingine ziko pete ya 5 pete ya 6 huko, kati yao kuna madini magumu kama jiwe, sasa chakula na oksijeni vinapenyaje? Kwenye nyama naelewa, kapilari zipo kila mahali na majimaji yanapita. Kwenye jiwe je?

Na sijauliza kwa ajili ya mtihani tu. Mdogo wangu wa kiume aliangukia mkono wiki 5 zilizopita, akavunjika kimfupa kidogo pale chini ya kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, kinaitwa skafoidi. Siku ya kwanza alipigwa eksirei akaambiwa hakuna kitu, maumivu yakaendelea, karudi baada ya wiki 2 ndo ufa ukaonekana. Sasa daktari wake anasema wanafuatilia kama kipande cha upande mmoja hakijafa. Hivi kipande cha mfupa kinakufaje wakati kiko ndani ya mwili na mkono wenyewe una damu ya kutosha, vidole vina joto, kucha zina rangi? Nimekaa na hicho kitu kichwani tangu juzi. Naomba mtu anieleze kuanzia chini kabisa, hata kama ni kirefu nitasoma.

FundiSlaidi

Dada Nuru nianze na hilo la mshipa kutoonekana maana hiyo ndo kazi yangu ya kila siku.

Slaidi uliyopewa imetengenezwa kwa kusaga. Tunachukua mfupa mkavu uliotolewa mafuta, tunakata kipande chembamba kwa msumeno, alafu tunakisaga kwenye jiwe la kunolea au msasa laini kwa maji, unakizungusha kwa ncha ya kidole pole pole, upande huu kisha upande ule, mpaka kinakuwa chembamba kiasi kwamba ukikilaza juu ya karatasi yenye maandishi unasoma herufi zilizo chini yake. Hapo unaacha, ukizidisha kidogo tu kinapasuka na kazi ya saa nzima imeisha. Sasa kwenye kipande cha namna hiyo hakuna kiumbe hai kilichobaki. Seli zilishakauka, mshipa ulishakauka, kilichobaki ni vyumba walivyokuwa wanakaa na njia walizokuwa wanapita. Humo imeingia hewa na vumbi la kusaga, na mwanga ukifika kwenye hewa iliyozungukwa na mfupa unapinda haukufikii kwenye jicho, ndo maana unaona nyeusi. Kwa hiyo ule weusi ni nafasi ya seli, seli yenyewe haipo. Na ndo maana tukiifunika slaidi hatutumii gundi iliyo nyepesi kama maji, ikipenya kwenye ile miguu ya buibui inafukuza hewa na miguu yote inapotea machoni.

Ukitaka kuona seli na mshipa omba slaidi nyingine, ya mfupa uliotolewa madini. Hiyo kipande kinawekwa kwanza kwenye formalini, alafu kwenye asidi kama ya fomiki au kwenye EDTA (kemikali inayonyonya kalisiamu), siku kadhaa hadi wiki kadhaa kutegemea na ukubwa wake, kalisiamu inatoka na kolajeni, yaani nyuzi za protini, inabaki. Kikiwa tayari unakishika kinapinda kama mpira na wembe unapita. Kikipakwa rangi ya hematoksilini na eosini utaona mfupa umekuwa pinki, kila kijumba kina kiini cha bluu ndani yake, na kwenye tundu la kati utakuta kapilari moja au mbili, wakati mwingine ateri ndogo na vena ndogo pamoja na nyuzi za neva. Ila kwenye hiyo slaidi ile miguu myembamba huioni vizuri. Angalia zote mbili siku moja, usitumie moja tu.

MwalimuMifupa

Fundi kaeleza vizuri sana. Mi naendelea pale kwenye "jiwe", maana wewe Nuru umeshika penyewe hata kama unajiona umekwama. Nimefundisha hii topiki miaka mingi na kwa maoni yangu yote imejengwa juu ya shida hiyo hiyo uliyoiuliza: seli haiwezi kuishi mbali na damu, na mfupa haupenyeki. Hayo majina yote mnayokariri ni namna mwili ulivyotatua hilo jambo moja.

Chukua osteoni moja, ndo ule mviringo uliouona. Kwenye slaidi ni duara kwa sababu imekatwa kwa upande, lakini yenyewe ni kama bomba, inaenda sambamba na urefu wa mfupa kwa milimita kadhaa. Upana wake ni kama milimita 0.2. Tundu la kati, mfereji wa Havers, una upana wa kama milimita 0.05. Hebu piga hesabu, kutoka ukingo wa tundu mpaka pete ya mwisho kabisa haifiki hata milimita 0.1. Hiyo seli ya pete ya 6 unayoiona iko mbali, iko mbali kwa sababu umeikuza kwa lenzi. Kila pete, yaani lamela, ina unene wa mikromita 3 hadi 7 hivi, na idadi yake kwenye osteoni moja inaanzia kama 4 hadi 20. Haziendi zaidi ya hapo maana ya nje kabisa ingekuwa imevuka umbali ambao chakula kinaweza kuufikia.

Sasa njia yenyewe. Ile miguu ya buibui ni vifereji, vinaitwa kanalikuli, na upana wake uko kwenye nusu ya mikromita au pungufu. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 na ushee. Kwa hiyo damu yenyewe haiingii humo kabisa, kinachoingia ni majimaji yaliyochujika kutoka kwenye kapilari ya katikati. Na humo kwenye kanalikuli hakuko wazi tupu, kuna mikono ya seli. Osteosaiti imekaa kwenye kijumba chake, lakuna, imenyoosha mikono mingi myembamba, kila mkono umepita kwenye kifereji chake mpaka umegusana na mkono wa jirani, na pale wanapogusana kuna vitundu vya kupitishana vitu vidogo vidogo. Iliyo karibu na mfereji inapokea, inampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Taka nazo zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Alafu kando ya mkono kuna mwanya mdogo wa majimaji, na hayo majimaji hayajatulia. Ukikanyaga chini mfupa unabonyea kiasi kidogo mno usichoweza kukihisi, majimaji yanasukumwa, ukinyanyua mguu yanarudi. Osteosaiti zinahisi huo mtiririko na ndo zinavyojua kwamba mfupa huu unatumika. Mtu akilala kitandani miezi, mtiririko unapungua na mfupa unaanza kupungua.

Lakini swali lako halisi lilikuwa vinapenyaje kwenye jiwe, na hapa nataka usome taratibu. Hakuna aliyetoboa jiwe. Mikono ilikuwepo kabla ya jiwe. Osteosaiti ilianza maisha ikiwa osteoblasti, seli inayojenga, imekaa juu ya uso wa mfupa inamwaga kolajeni laini chini yake. Wenzake nao wanamwaga, mwisho wengine wanafunikwa na kazi yao wenyewe, ila wakati wanafunikwa mikono yao tayari imeshikana na wa chini na wa juu. Baadaye ndo madini yanaingia kwenye ile kolajeni yanaganda kuizunguka seli na mikono yake. Kanalikuli ni nafasi iliyobaki kwa sababu mkono ulikuwepo. Ni kama umemwaga zege juu ya waya, zege likikauka waya una njia yake.

Na hapo hapo nikurekebishe kwenye mfano wa shina la mti, maana mtihani unapenda kukamatia hapo. Mti unaongeza pete mpya nje, chini ya gome. Osteoni inajengwa kinyume, kutoka nje kuja ndani. Wanatangulia osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, zinachimba handaki ndani ya mfupa wa zamani kwa asidi na vimeng'enya, nyuma yao unafuata mshipa mchanga wa damu, alafu osteoblasti zinapanga mstari kwenye kuta za handaki na kuweka pete ya kwanza, ya pili, ya tatu, handaki linazidi kuwa jembamba mpaka inabaki nafasi ya mshipa tu. Kuchimba kunachukua wiki chache, kujaza kunachukua kama miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo pete mpya kabisa ndo ile iliyo karibu na tundu. Nyuzi za kolajeni za pete moja zinalala upande huu, za pete inayofuata zinalala upande mwingine, kama plaiwudi, ndo maana mfupa hauchaniki kirahisi upande mmoja.

Mifereji ya Havers inaenda kwa urefu, kinachoiunganisha ni mifereji ya Volkmann inayokatisha kwa upande kutoka nje ya mfupa au kutoka kwenye uboho. Utaitambua kwa kitu kimoja, haina pete kuizunguka, imekatisha tu katikati ya pete za wengine. Clopton Havers, daktari wa Uingereza, aliiandika ile mifereji ya urefu mwaka 1691, na yeye alidhani inapitisha mafuta ya uboho. Damu haikuwa kwenye mawazo yake. Kwa hiyo usijisikie vibaya kutouona mshipa siku ya kwanza.

KitabuWazi

Mwalimu shikamoo. Mi nadandia uzi wa dada Nuru. Kama kila seli inahitaji mfereji wa Havers karibu, mbona mfupa wa ndani ule wenye vitundu kama sponji hauna osteoni? Kwenye notsi zetu imeandikwa hauna, haijaelezwa kwa nini.

MwalimuMifupa

Marahaba. Tumia hesabu ile ile. Vile vijiti vya mfupa wa sponji, trabekula, vingi unene wake hauzidi milimita 0.2, na pande zote vimezungukwa na uboho uliojaa damu. Seli iliyo katikati ya kijiti iko umbali wa milimita 0.1 tu kutoka nje. Inanyoosha mikono mpaka kwenye uso na inapata huko huko. Mshipa wa ndani ungekuwa wa nini? Pale ambapo kijiti kimenenepa kupita hapo ndo wakati mwingine utakuta osteoni ndani yake. Pete zipo lakini, zimelala kufuata umbo la kijiti, hazizunguki tundu.

Na kwa kuwa ina uso mkubwa ulioguswa na uboho, sponji inavunjwa na kujengwa upya haraka kuliko mfupa mzito, ule mgumu wa nje wenye osteoni, ingawa kwa uzito mfupa mzito ndo kama asilimia 80 ya mifupa yote ya mwili.

Dokta_wa_Zamu

Niingie kwenye la mdogo wako Nuru, maana hao wawili wamekupa mtaa na nyumba, mi nikupe barabara kuu.

Mfupa mrefu unapata damu kwa njia 3 kubwa. Ya kwanza ni ateri lishi, inatoboa katikati ya mfupa kwa tundu moja unaloweza kuliona kwa macho, kwenye fupa la paja mara nyingi yapo 2. Inapita kwa mshazari, ikifika kwenye uboho inagawanyika tawi moja linapanda na jingine linashuka. Ya pili ni ateri ndogo nyingi zinazoingia karibu na ncha, metafisisi na epifisisi, pale penye sponji. Ya tatu ni mishipa ya periostiamu, ile ngozi ngumu inayofunika mfupa. Kawaida damu inaanzia ndani inaelekea nje: mishipa ya uboho inalisha kama theluthi 2 za ndani za ukuta wa mfupa, periostiamu inasaidia theluthi ya nje hasa pale misuli inaposhika. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwenye mifupa ya panya kwamba kuna pia mamia ya kapilari nyembamba zinazokatisha ukuta mzima moja kwa moja kutoka kwenye uboho mpaka nje, kwa hiyo picha ya vitabuni inazidi kuongezewa. Na damu inayokwenda kwenye mifupa sio kidogo hata kidogo, inakadiriwa ni asilimia 5 hadi 10 ya ile moyo unayosukuma. Paja likivunjika mtu anaweza kupoteza lita moja na zaidi ndani kwa ndani, ngozi haijapasuka hata kidogo. Mtu akiniambia mfupa ni kitu kikavu huwa nawaza hao wagonjwa.

Kukumbuka tundu la ateri lishi linaelekea wapi: kiwiko nakifuata, goti nalikimbia. Mfupa wa juu ya mkono na ile miwili ya chini, yote ateri inaelekea kiwikoni, na kwenye mguu yote inaelekea mbali na goti. Ni kwa sababu ncha inayokua zaidi iko upande wa pili.

Sasa skafoidi. Shida yake inaanzia kwenye gegedu, ile tabaka laini inayoteleza mifupa inapokutana. Kile kimfupa kimekaa katikati ya wenzake, kinateleza kila upande, kwa hiyo karibu uso wake wote, kama asilimia 80, umefunikwa na gegedu. Mshipa haupenyi kwenye gegedu. Unabaki ukanda mwembamba tu mgongoni mwake ambapo matawi ya ateri ya redio (ile ya upande wa kidole gumba) yanaweza kuingia, na huo ukanda uko katikati kuelekea upande wa kidole. Yakishaingia yanageuka yanarudi nyuma, ndani ya mfupa wenyewe, kulisha ile nusu ya nyuma, iliyo upande wa kiwiko. Sasa huyo kijana kavunjika kiunoni mwa mfupa. Ufa umekata katikati, na umekata ile mishipa iliyokuwa inarudi nyuma. Kipande cha upande wa vidole kina damu yake, kipande cha nyuma hakina mlango mwingine. Ndo jibu la swali lako la vidole kuwa na joto: damu inapita pembeni ya kipande kila sekunde, ila hakuna pa kuingilia.

Bila damu osteosaiti zinakufa, madini yanabaki pale pale. Kwa hiyo kipande hakiozi wala hakiyeyuki siku hiyo hiyo, kinakaa na umbo lake. Kwenye eksirei ya baadaye kinaweza hata kuonekana cheupe zaidi kuliko jirani zake, maana wale wenye damu wamepoteza kalisiamu kidogo kwa kutotumika na hiki kimebaki na yake. MRI, ile picha ya sumaku, inaonyesha mapema kuliko eksirei. Na ile ya eksirei ya kwanza kutoonyesha ufa inatokea sana kwa skafoidi, ndo maana utaratibu ni kwamba mtu mwenye maumivu pale kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba anafungwa plasta hata kama picha ni safi, anarudi baada ya siku 10 hadi 14 kupigwa tena. Mdogo wako aliporudi alifanya jambo sahihi. Asikose miadi hata moja, asitoe plasta mwenyewe kwa sababu eti maumivu yameisha. Wengi inaunga vizuri, kadiri ufa unavyokuwa nyuma zaidi ndo hatari inavyozidi.

Ukishaelewa hiki kimfupa utaelewa na kichwa cha fupa la paja. Nako ni gegedu karibu kote, mishipa inapanda kwenye shingo ya mfupa kutoka ateri inayozunguka paja kwa ndani, shingo ikivunjika inachanika. Kuna kaateri kengine kanapita kwenye kano la kichwa lakini kwa mtu mzima hakatoshi. Ndo maana wazee wakivunjika pale na mfupa ukahama mara nyingi daktari anabadilisha kichwa badala ya kusubiri kiunge.

NesiUsiku

Dokta umenikumbusha. Sisi huo mtandao wa damu tunautumia kila wiki. Mtoto akiletwa kaishiwa maji au damu, mishipa ya mkono yote imelala, unatafuta huku na huku huipati, dakika zinakwenda na mama yake amesimama pale anakutazama. Tunaweka sindano ya mfupa kwenye muundi, chini ya goti kwa ndani. Unasukuma unazungusha, unasikia inapoteza ubishi ghafla, umeingia. Mishipa ya mkono inalala kwa sababu imezungukwa na nyama laini, ile ya ndani ya uboho imeshikiliwa na mfupa pande zote haiwezi kulala. Dawa ikiingia pale inafika kwenye moyo haraka kama umeiweka kwenye vena. Mara ya kwanza kuiona niliogopa, mara ya pili yule mtoto alifungua macho tukiwa bado tunasukuma maji, tangu siku hiyo siogopi.

Na wanaolea watoto wajue jambo jingine. Karibu na sahani ya gegedu inayorefusha mfupa, kwa mtoto, kapilari zinafika pale zinageuka kama kitanzi, damu inapunguza mwendo. Vijidudu vilivyo kwenye damu vinapata nafasi ya kutulia pale. Kwa hiyo mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga mguu, au analia ukimgusa karibu na goti, msimpake dawa ya kuchua mkasubiri, mleteni aangaliwe siku hiyo hiyo. Usaha ukijaa unainua periostiamu na kubana mishipa, kipande cha mfupa kinakufa kama alivyosema dokta. Mwenye selimundu ndo zaidi, maana seli zake zenyewe zinaziba vijishipa vya mfupa.

Nuru_mwaka2

Jamani sijui niwashukuruje. Ile ya mikono ilikuwepo kabla ya jiwe nimeirudia kuisoma mpaka usiku. Mdogo wangu nimemsomea maelezo ya dokta, alikuwa anataka kulegeza plasta kwa sababu inamuwasha, ameacha. Miadi yake ni wiki ijayo.

Leo nimeomba slaidi zote 2 kama fundi alivyosema. Kwenye ile ya pinki nimeuona mshipa! Umekaa pembeni ya tundu, haujajaza, na ndani yake kuna seli nyekundu kama 3 zimejipanga. Nimeuona pia mfereji wa Volkmann umekatisha bila pete. Sasa kuna kitu kimenichanganya tena. Katikati ya osteoni na osteoni kuna vipande vya pete visivyo na tundu lolote, kama mwezi mchanga, vimekatwa. Seli zimo lakini mfereji wao siuoni. Hizo nani anazilisha?

FundiSlaidi

Hongera sana dada, hizo 3 kuziona sio kila siku, mara nyingi tundu linakuwa limemwagika wakati wa kukata.

Vipande hivyo ni mabaki ya osteoni za zamani. Mwalimu alisema osteoklasti zinachimba handaki kwenye mfupa uliopo, basi zinapochimba haziangalii kama pale palikuwa na osteoni, zinakatisha katikati, mfereji wa zamani unaliwa wote na kinabaki kipande cha pembeni. Ukitaka kujua nani mkubwa kwa umri angalia nani amemkata mwenzake: iliyo duara zima ndo mpya, iliyokatwa ndo ya zamani. Kwenye mpaka wa osteoni mpya utaona mstari mwembamba unaong'aa au wenye rangi nzito, ndo mstari wa saruji. Kwenye slaidi ya kusaga fuata miguu ya buibui mpaka kwenye huo mstari, mingi inaishia pale au inageuka kurudi ndani, michache tu inavuka.

Hao wa kwenye vipande wanaishi kwa hiyo michache inayovuka. Haitoshi wote. Rudi kwenye slaidi ya pinki, lenzi ya 40, hesabu vijumba kwenye osteoni nzima alafu hesabu kwenye kipande cha mwezi. Kwenye kipande utakuta vingi zaidi ambavyo ni vitupu, kijumba kipo ila hakuna kiini cha bluu ndani yake. Vingine ni makosa yetu ya kuandaa, seli imedondoka, kwa hiyo usitegemee kimoja, angalia eneo zima. Daktari wa patholojia akiletewa kipande kama cha mdogo wako kuangalia kama ni hai au kimekufa, anachotafuta ni hicho hicho: vijumba vitupu, kimoja baada ya kingine, kwenye mfupa ambao kwa nje bado uko mzima.